Tarehe Moja Januari

Najua nimeadimika. Wapo walioniandikia kuniuliza kama nimeitupa kalamu, na wapo walionitania kwamba nimeolewa kimyakimya. Hakuna kati ya hayo. Kuna jambo lilinikaa kooni tangu Aprili 2025, na kila nikikaa niandike habari nyingine naona kama nalikwepa. Leo nimeamua kulisema lote.

Kwa wasionifahamu: mimi ni mwandishi wa habari, mtoto wa Dar es Salaam, ninayeishi Ohio, Marekani. Kalamu peke yake hailipi kodi ya nyumba (wenzangu wa kazi hii mnanielewa), kwa hiyo siku mbili tatu kwa wiki nafanya kibarua cha ukalimani. Naitwa hospitalini, naitwa kwenye vikao vya wazazi, naitwa popote palipo na mtu anayezungumza Kiswahili na mwingine asiyejua hata "jambo".

Wateja wangu karibu wote ni Wakongo. Wengi wamezaliwa au kukulia Nyarugusu, ile kambi iliyoko Kasulu, Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996. Kiswahili chao kina ladha ya Fizi na Uvira, changu kina ladha ya Kariakoo, tunakutana katikati. Wao wanasema "niko na njaa", mimi nasema "nina njaa", na njaa ni ile ile.

Basi, siku hiyo niliitwa na shule moja. Mwalimu wa darasa la sita alikuwa amewaandalia wanafunzi wake safari ya kwenda Ellis Island. Msifikiri walipanda basi. Kutoka mji wetu hadi New York ni kama saa tisa za barabara, ukifika bado kuna kivuko, kuna chakula, kuna mahali pa kulala, na shule yenyewe haina fedha hata za kubadilisha mapazia. Safari ilikuwa ya kukaa kitini. Saa nne asubuhi mhifadhi wa kule kisiwani angewasha kamera yake, darasa lingewasha projekta, na kwa dakika arobaini na tano watoto wangetembezwa wakiwa wamevaa soksi zao. Darasani kulikuwa na watoto sita kutoka Nyarugusu. Watatu kati yao hawakuwa na hata mwaka mmoja Marekani. Mimi nilikuwa mdomo wao.

Ngoja niwaeleze kidogo kisiwa chenyewe, maana siyo wote tulikisoma. Ellis Island ni kisiwa kidogo kwenye bandari ya New York, jirani na Sanamu ya Uhuru. Kilifunguliwa kuwa kituo cha uhamiaji mwaka 1892 na kikafungwa 1954. Katika miaka hiyo walipita pale watu wapatao milioni 12: Waitaliano, Waairishi, Wapolandi, Wayahudi waliokimbia Urusi, na wengine wengi. Waliosafiri daraja la kwanza na la pili walikaguliwa humo humo melini, wakashuka zao mjini. Waliopelekwa kisiwani ni wale wa daraja la chini kabisa, wa kule tumboni mwa meli. Tangu 1990 mahali hapo ni makumbusho.

Mwalimu alinitumia karatasi za somo wiki moja kabla ili nijiandae. Nikakaa na daftari langu kutafuta maneno. Neno moja lilinifurahisha. Ugonjwa uliowarudisha watu wengi makwao ulikuwa trakoma, ugonjwa wa macho. Nikakumbuka kumbe huo ni ule ule ambao Dodoma na Singida tunauita vikope. Nikaliandika kwa herufi kubwa: VIKOPE. Niliona nimeshamaliza kazi!

Katika kusoma huko nikakutana na mkalimani mwenzangu. Fiorello La Guardia, yule ambaye uwanja wa ndege wa New York unaitwa kwa jina lake, alikuwa mkalimani Ellis Island kuanzia 1907 hadi 1910. Alijua Kiitaliano na Kikroeshia miongoni mwa lugha nyingine. Mchana alikuwa akitafsiri, jioni akisoma sheria chuoni. Baadaye akawa meya wa New York kwa miaka kumi na miwili, kuanzia 1934. Alikuja kuandika kwamba katika miaka yake pale hakuwahi kuyazoea maumivu aliyoyaona. Nilipolisoma hilo nilitabasamu tu. Nikajisemea, kumbe kazi yetu ina wakubwa. Sikujua kwamba siku chache baadaye ningemkumbuka kwa sababu nyingine.

Siku ikafika. Mtandao ukagoma kidogo, kama kawaida yake, picha ikaganda mhifadhi akiwa amefumba jicho moja, watoto wakacheka. Kisha ikakaa sawa. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye kofia pana ya hifadhi na visikizio masikioni, anatembea na kamera yake mkononi. Akatuingiza kwenye ukumbi mkubwa wa usajili, ghorofa ya pili. Dari la juu lenye umbo la kuba, madirisha marefu, sakafu inayong'aa kama sahani, na bendera kubwa za Marekani. Hapakuwa na mtu.

Mtoto wa kwanza kuuliza swali alikuwa mvulana wa kwetu, aliyekaa mbele. Akaniambia, "Dada, muulize, foleni iko wapi?"

Nikauliza. Mhifadhi akacheka, akasema hilo ni swali zuri kuliko yote aliyoulizwa wiki hiyo. Akatuwekea picha ya zamani ya ukumbi ule ule ukiwa umejaa: wanawake wenye vilemba, wanaume wenye mabegi ya kamba, watoto wamelala juu ya mizigo, wote wamepangwa kati ya vyuma kama ng'ombe mnadani. Akasema tarehe 17 Aprili 1907, siku moja tu, walipita watu 11,747. Yule mvulana akatikisa kichwa kama mtu mzima aliyeridhika. Sasa alikuwa anaamini kwamba mahali pale palikuwa kituo cha uhamiaji kweli. Foleni anaijua. Ya maji, ya mgao wa unga, ya alama za vidole.

Mhifadhi akaendelea. Akasema kituo kilifunguliwa rasmi tarehe 1 Januari 1892.

Jamani! Watoto wanne kati ya sita wakapiga kelele kwa pamoja. Mmoja akasimama juu ya kiti. Mwalimu akashtuka, mhifadhi akasimama akidhani mtandao umeharibika tena.

"Ni birthday yetu!" wakawa wanasema. "Dada, mwambie, ni birthday yetu!"

Nikamwambia. Akauliza kwa mshangao, wote wanne? Mwalimu akacheka, akaelekeza ukutani kwenye ubao wa siku za kuzaliwa, pale Januari palipojaa vikaratasi. Ilibidi nieleze. Mtoto amezaliwa nyumbani, au njiani, au wakati mapigano yameanza, hakuna cheti. Siku ya kusajiliwa mama anaulizwa tarehe, anasema ilikuwa msimu wa mahindi. Fomu haina nafasi ya msimu wa mahindi. Karani anaandika mwaka wa kukadiria, na kwenye siku na mwezi anaweka 1 Januari. Ndiyo maana ukienda kwenye jamii yoyote ya wakimbizi hapa Marekani utakuta Mwaka Mpya ni siku ya keki nyingi.

Mhifadhi alisikiliza vizuri. Kisha akasema hebu tuzungumze basi kuhusu majina. Akauliza nani amesikia kwamba Ellis Island walikuwa wanawabadilishia watu majina. Mwalimu mwenyewe akanyosha mkono. Kwao wanaamini babu mkuu aliingia na jina refu akatoka na fupi. Mhifadhi akamweleza kwa upole kwamba haikuwa hivyo. Makarani wa kisiwani hawakuwa wanaandika majina upya. Walikuwa na orodha ya abiria iliyotengenezwa na kampuni ya meli kule kule walikopandia, na kazi yao ilikuwa kuuliza maswali na kulinganisha majibu na ile orodha. Wengi walibadilisha majina wenyewe baadaye, ili kupata kazi, ili mwajiri asijing'ate ulimi. Kila abiria alikuwa na kibandiko kifuani chenye namba ya ukurasa na mstari wake kwenye orodha.

Hapo binti mmoja, mrefu, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akasema taratibu, "Kama ile mifuko." Nilimwelewa. Mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi za IOM, ambao kila familia ya wakimbizi huushika kiwanja cha ndege, na ndani yake makaratasi yote ya maisha yao. Ukiona familia imeketi uwanjani usiku wa manane imeukumbatia mfuko ule, usiwaulize wanatoka wapi.

Kisha tukapelekwa kwenye ngazi. Mhifadhi akaeleza kwamba madaktari walikuwa wakiwaangalia watu wanavyopanda ngazi na mizigo yao, nani anahema, nani anachechemea. Mwenye mashaka alichorwa herufi ya chaki kwenye nguo. H kwa moyo, L kwa kilema, E kwa macho, X kwa akili. Baadhi waligeuza koti nje ndani ili chaki isionekane. Na kope ziligeuzwa kwa vidole au kwa kile kichuma cha kufungia vifungo vya viatu. Nikalitoa neno langu, vikope, kwa fahari zote. Watoto wakashika macho yao. Wakaanza kusimulia vya kwao: picha za kifua, sindano, dawa za minyoo zilizokuwa chungu. Wenzao Wamarekani waligeuka kuwasikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kwenda shule ile niliwaona watoto wa Nyarugusu ndio wanaojua zaidi darasani.

Mpaka hapo ningeweza kuwaandikia habari tamu, mkaisoma na chai ya asubuhi, tukaagana. Lakini safari ilikuwa haijaisha.

Mhifadhi akasema jambo ambalo nadhani hulisema kila siku. Kwamba pamoja na hofu yote ile, karibu watu 98 katika kila 100 waliruhusiwa kuingia, wengi ndani ya saa chache tu. Asilimia 2 tu ndio waliorudishwa, kwa ugonjwa, au kwa kuonekana watakuwa mzigo kwa serikali. Kampuni ya meli iliyowaleta ndiyo iliyolazimika kuwarudisha kwa gharama yake. Nililitafsiri hilo kwa furaha. "Mmeona? Wawili tu katika mia!"

Yule binti mrefu akainama, akawa anaandika kitu kwenye kona ya daftari. Nikachungulia. Alikuwa anapiga hesabu. Milioni 12, mara mbili, gawanya kwa mia. Jibu lake: 240,000.

Kwa mliozoea mpira, huo ni Uwanja wa Benjamin Mkapa umejaa mara nne.

Mwisho wa matembezi, mhifadhi akatuonyesha ukuta ulioko nje, karibu na maji. Una zaidi ya majina 700,000 ya wahamiaji. Familia zao huchangia fedha ili majina yachongwe pale. Jua lilikuwa linawaka juu ya chuma, na nyuma yake majengo marefu ya Manhattan. Akasema kuna muda wa swali moja la mwisho. Yule binti akanyosha mkono.

"Dada, niko na swali. Wale walirudishwa, majina yao iko pale?"

Sasa ndugu zangu, ndiyo hapa.

Nilimwangalia mwalimu. Alikuwa anatabasamu, amechoka, amefurahi kwamba kila kitu kimekwenda vizuri. Nilimwangalia mhifadhi kwenye skrini, upepo unampeperusha kola, mtu mwema aliyetupa muda wake. Nikaona swali lile ni zito kwa kufungia somo. Nikaona litamharibia. Nadhani pia nikaona aibu, ile aibu ya mgeni anayetaka mwenye nyumba aone wageni wamefurahi. Yote hayo yalipita kichwani kwa muda wa kupumua mara moja. Nikafungua mdomo, na kwa Kiingereza changu kizuri nikasema: anauliza kama majina ya watu wote yako pale.

Mhifadhi akajibu kwa uchangamfu. Hapana, siyo wote, lakini majina yanaweza kuongezwa, na siku moja hata ninyi mnaweza kuweka majina ya familia zenu! Darasa likapiga makofi. Nikaanza kutafsiri jibu.

Binti akanikatisha. Hakupandisha sauti. "Sijauliza hivyo, Dada."

Nilikuwa nimesahau kwamba miezi tisa shuleni inatosha mtoto kuelewa Kiingereza hata kama bado anaogopa kukizungumza. Wenzake watano nao walikuwa wananitazama. Walikuwa wamesikia pia.

Nimefanya kazi ya habari kwa miaka kadhaa. Nimekosea tarehe, nimekosea majina, nimewahi kuombwa na mhariri niandike masahihisho ya mistari mitatu chini ya ukurasa wa nne. Lakini sijawahi kusahihishwa mbele ya watu ishirini na wawili, na mtu wa miaka kumi na mbili, kwa kosa nililolifanya kwa makusudi.

Nikamwomba mhifadhi asubiri. Nikasema, samahani, nilitafsiri vibaya. Swali lake ni kwamba wale waliorudishwa, je, majina yao yako pale ukutani?

Kimya. Nilidhani picha imeganda tena, kumbe alikuwa anafikiri. Akavua kofia. Akasema ukuta ule ni wa majina ambayo familia zimeyaleta na kuyachangia, na mtu aliyerudishwa peke yake mara nyingi hakuacha huku mtu wa kumchangia. Kwa hiyo wengi wao usitegemee kuwakuta pale. Halafu akasema, lakini subiri. Zile orodha za meli zipo. Jina liliandikwa kabla meli haijaondoka, na mtu aliporudishwa jina halikufutwa. Kuna hata kurasa za mwisho za orodha zilizoandikwa watu waliozuiliwa, sababu yake, na kama waliruhusiwa au walirudishwa. Tangu 2001 orodha hizo zinaweza kutafutwa kwenye mtandao. Akamwambia: wapo, ila inabidi mtu awatafute.

Nililitafsiri hilo neno kwa neno. Polepole. Binti akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu, na muda ukawa umekwisha. Mhifadhi akavaa kofia yake, akatupungia mkono, skrini ikawa ya bluu.

Wakati wa chakula cha mchana nilimfuata kumwomba radhi. Nikamwambia, mdogo wangu, nisamehe, niliona aibu kuuliza. Akasema, "Hakuna shida." Akaendelea kula tufaha lake. Kisha bila kuulizwa akaniambia kuhusu dada yake.

Dada yake mkubwa yuko Nyarugusu. Alikuwa ameolewa wakati familia inaanza mchakato, kwa hiyo faili lake likatengwa na la wazazi. Wao wakaondoka 2024. Yeye alifanyiwa usaili, akapimwa afya, akaambiwa asubiri tarehe ya ndege. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ikasimamisha mpango wote wa kupokea wakimbizi, na safari zilizokuwa zimepangwa zikafutwa. Vipimo vya afya vina muda wake. Ukipita, unapimwa upya. Wazee wao kila jioni wanapiga simu, mtandao wa kule unakatika, wanarudia. Sikujua lolote kati ya haya wakati naliremba swali lake.

Nilirudi nyumbani nikasoma tena yale makaratasi ya mwalimu, safari hii bila kutafuta maneno. Kuna kifungu nilikuwa nimekiruka. Kinasema mwaka 1924 Marekani ilipitisha sheria ya kuweka idadi maalumu kwa kila nchi, na tangu hapo ukaguzi ukahamia kwenye balozi zake ng'ambo, kabla mtu hajapanda meli. Ellis Island ikabaki zaidi ni mahali pa kuwazuilia watu na kuwarudisha. Ndiyo maana ukumbi ule ukawa mtupu.

Niliposoma hapo ndipo nikaelewa kwa nini yule mvulana alitafuta foleni. Mlango ulihamishwa. Watoto wale hawakupita Ellis Island wala kitu kinachofanana nayo walipotua Marekani. Walitua usiku, wakachukuliwa na gari, wakaamka Ohio. Maswali, vipimo, alama za vidole, kusubiri jina liitwe, vyote walivimaliza Kigoma. Kisiwa chao ni Nyarugusu. Na tofauti moja kubwa ni hii: mwaka 1907, aliyekataliwa alikuwa ameshafika. Alikuwa anayaona majengo ya New York kwa macho yake, na walinzi, na madaktari, na mkalimani La Guardia walimwona yeye. Siku hizi anayekataliwa, au anayesimamishwa njiani, yuko mbali, kilomita maelfu kutoka kwenye ukuta wowote wenye majina. Hakuna anayelazimika kumtazama usoni wakati anaambiwa hapana. Anayemjua ni mdogo wake tu, amekaa darasa la sita, na mdogo wake anamtegemea mkalimani.

Mkalimani akaamua kuokoa tabasamu la mwalimu.

Nimejiuliza sana kwa nini nilifanya vile, na jibu silipendi. Nilifanya kwa sababu nimezoea. Nilipokuwa mwandishi mchanga niliwahi kutumwa Kigoma kuandika habari za wakimbizi. Nilirudi na habari ya idadi: wamefika wangapi, wamehama wangapi, tani ngapi za unga. Mama mmoja kule kambini aliniuliza, "Mwanangu, umeniandika jina langu?" Nikamjibu ndiyo. Nilikuwa nimeliandika kwenye daftari. Gazetini halikutoka, na sikupigania litoke. Wakati ule nililiona ni jambo dogo.

Kuna kitu kimoja zaidi.

Baada ya chakula watoto walipewa kazi ya mikono. Kila mmoja akapewa kadi ya manila yenye tundu na uzi, atengeneze kibandiko cha abiria kama vile vya zamani: jina, mahali alikotoka, tarehe ya kuzaliwa, ukurasa, mstari. Wakawa wanachora na kuzungumza, mvulana wa foleni amejichorea meli yenye injini nne za ndege. Nilipofika kwa yule binti niliona ameandika jina ambalo siyo lake. Sikuuliza. Mahali alikotoka: Nyarugusu. Alipofika kwenye tarehe ya kuzaliwa akasimamisha kalamu, akanitazama.

"Dada, niandike ya kweli ama ya kwenye makaratasi?"

"Ya kweli unaijua?"

"Mama anaijua. Ni mwezi wa sita."

Nikamwambia aandike ya kweli. Akaandika Juni, hakuwa na siku, akaacha nafasi. Kwenye ukurasa na mstari akaweka alama ya kuuliza mbili. Mwalimu akapita kukusanya kadi ili zitundikwe ukutani, akaisoma ile, akanigeukia na kuniuliza huyu ni nani, mbona hayumo darasani kwangu.

Nilimtazama binti kwanza. Akaniitikia kwa kichwa. Nikamweleza mwalimu yote, bila kupunguza kitu.

Kadi ilitundikwa pamoja na nyingine. Mara ya mwisho nilipokutana na mama yao, kwenye kikao cha wazazi, dada alikuwa bado kule.

Haya, ndugu zangu, nimelisema. Wiki ijayo nitarudi na habari nyepesi, nawaahidi. Mwenye ndugu anayemsubiri mahali fulani, mpigie leo.